Malalamiko Juu ya Mkono wa Mkwe Wangu

Kwa Bwana Mkubwa wa Jela Ndogo, njia ya Nyakoe.
Ijumaa, saa nane mchana, 1954.

Bwana Mkubwa, kwa heshima,

Wino ulikuwa tayari mezani, na mimi nikaficha mikono nyuma. Koplo Mogire akaniambia, "Ombati, unaona haya kama bibi arusi! Mshike huyo mama mkono." Sikumshika. Akasema basi saa kumi, na nisipomshika nitaletwa mbele yako, Bwana Mkubwa. Ndiyo naandika, maana kusema mbele ya watu siwezi, na shule niliacha darasa la pili.

Huyo mama ni Gesare, mke wa Machogu, yule wa kuandika gazetini kwamba chifu achaguliwe kwa kura. Machogu alikimbilia Mwanza, na gazeti lake bado linakuja. Gesare alifungwa kwa kukutwa nalo kikapuni. Sasa kuna barua imeandikwa hapa ofisini kwa jina lake, inamwita mumewe arudi nyumbani, hakuna mtu atamgusa. Pingu za Machogu nimeziona kwenye droo, zimepakwa mafuta. Gesare amekataa kuweka kidole kwa hiyo barua. Kwa hiyo atawekewa kwa nguvu, na wa kumshika ni mimi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Gesare ni dada ya mama wa mke wangu. Kwetu Wagusii huyo ni mama mkwe kabisa. Heshima ya ukwe, tunaita chinsoni, inakataza nimguse. Hata salamu natoa nikiwa mbali.

2. Siwezi kula mkwe akiniona. Tangu Jumanne chakula changu cha mchana kinaliwa na Koplo. Ananiambia niendelee hivyo hivyo na heshima.

3. Siwezi kumchungulia mkwe chumbani. Tangu Jumanne namfungia mlango nikiwa nimempa mgongo. Kama umefungika, sijui.

4. Mfungwa ananihurumia. Asubuhi alisema, "Mwanangu, wewe shika wino, mkono wangu nitaushika mwenyewe." Askari wote wakacheka, na mimi pia. Hiyo si nidhamu.

5. Ugonjwa huu unaenea. Machogu wa gazeti amegundulika ni mjomba wa askari wa lango. Mpishi naye anahesabu ukoo kwa vidole. Wiki ijayo jela yote itakuwa imetazama ukuta.

Nimefikiri sana, nimeona dawa ni moja: Gesare afunguliwe aende kwake, na ile barua ichomwe. Huko nyumbani nitamheshimu vizuri, na serikali itapata askari wanaotazama mbele.

Msalimie bibi, karani, mpishi, na yule mbwa wako mkubwa ambaye namwogopa. Sasa lazima niondoke, maana saa kumi nikiwa hapa mkono wangu utaamriwa, na Manga nataka kufika kabla jua halijazama.

Mimi askari wako mtiifu,
Ombati Nyasani

Nimesahau: karani anataka jina la mke wangu kwa faili. Ni Orpah. Bado sijamwoa. Bado sijasema naye pia. Nilimwona Jumanne tu, langoni, akimletea Gesare ndizi. Ndiyo naenda kwao Manga kuuliza kama atakubali niwe mume wake. Tafadhali, mtu yeyote asishike ule mkono mpaka nijibiwe.