Gunia Moja la Asilimia Mia

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa tatu, 1976
Mkurugenzi, citoyen (yaani ndugu) Kasongo, ametangaza: Ijumaa atachagua mkuu wa depo yetu ya mchele. Ni mimi au Mwanahamisi. Sote wawili tunasimamia kushusha magunia. Aliyeingiza mengi yakiwa makavu atapewa ofisi yenye feni. Matokeo atayasoma ubaoni. Na chaki anashika nani? Mimi, Asumani! Kazi imekwisha.

Jumanne, tarehe 2
Nimejumlisha ya mwezi uliopita. Nimeshtuka. Kila mmoja alishusha magunia mia. Yangu makavu hamsini na tano. Yake themanini na tano. Sababu naijua. Nilimnyang'anya boti za Basoko, maana watu wa boti hunipa samaki wa moshi, nikamwachia malori ya Bengamisa. Samaki walikuwa watamu. Mchele ulilowa.

Jumatano, tarehe 3
Dawa imepatikana. Nikitenganisha njia, namshinda kote! Lori: yangu makavu kumi kati ya kumi, asilimia mia. Yake themanini na moja kati ya tisini, asilimia tisini. Boti: yangu arobaini na tano kati ya tisini, hamsini. Yake manne kati ya kumi, arobaini. Kisha wastani wa asilimia hizo: mimi sabini na tano, yeye sitini na tano. Sijadanganya hata tarakimu moja. Nimeandika kwa chaki nyekundu. Mwandiko wangu nao ni mzuri.

Alhamisi, tarehe 4
Nimsifu tu, hata kama ni mpinzani: yule mwanamke anahesabu bila karatasi, na midomo haichezi. Alitazama ubao kidogo tu, akaniita yaya, yaani kaka: "Bon, yaya, tujumulishe magunia kwanza, tugawanye nyuma. Magunia yako kumi ya lori haiwezi kuwa na nguvu sawa na yangu makumi tisa." Mkurugenzi alisikia. Akafuta ubao kwa mkono wa koti lake la abacost. Themanini na tano kwa hamsini na tano. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Ijumaa, tarehe 5
Mwanahamisi amekataa funguo za ofisi! Alimwambia mkurugenzi kwamba jumla yake nayo inaficha kitu: yeye alipata malori mengi, mimi boti, na kwenye boti kila mtu analowesha. Akasema njia kwa njia mimi ni hodari kuliko yeye, kwa sababu nafunika turubai haraka. Mbele ya watu wote! Sijawahi kusifiwa hivyo, hata na mama. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi. Uamuzi: wiki ijayo malori sawa, boti sawa, kisha tujumlishe magunia. Kwa mzigo sawa nitashinda. Ujanja hauhitajiki kabisa.

Jumatatu, tarehe 8
Boti ya Basoko imefika. Harufu ya samaki niliisikia tangu barabarani. Nimemfuata Mwanahamisi pembeni, nikamwomba tubadilishane: achukue malori yangu, anipe boti zake. Akaniuliza mara tatu kama nimefikiri vizuri. Halafu akaandika karatasi ya kumwonyesha mkurugenzi kwamba mimi ndiye niliyeomba, nikatia sahihi. Masikini, hesabu anajua, maisha hajui. Leo jioni nakula samaki. Na sikuwa mjinga: gunia moja la lori la Bengamisa nimejibakizia, kwa ajili ya asilimia mia yangu.