Joto la Mwaka Jana

Jumatatu, 3 Februari
Nimeamua! Utabiri wa joto la bahari nitautoa mimi, kabla ya Miwani, mwenzangu wa meza ya dirishani. Ana modeli yake, nami nina yangu. Mkurugenzi atasoma moja tu. Tatizo: kipimajoto chetu cha majini kimekufa tangu Desemba. Kukibadilisha kunataka boti. Boti hunitapisha.

Jumatano, 5 Februari
Ubongo umefanya kazi! Mapengo yote nimeyajaza vipimo vya mwaka jana. Bahari ni ile ile, haijahama. Kompyuta imekubali bila kununa: maji yatabaki baridi hadi Aprili. Miwani akauliza vipimo vya Januari nimevitoa wapi. Nikamwambia aache upolisi.

Ijumaa, 7 Februari
Mkurugenzi amenisifu mbele za watu! Kisha akaja mdogo wangu wa kike, mkulima wa mwani, viatu vya mpira vikichuruzika maji sakafuni. Akauliza: kaka, kamba zangu za mwani nizihamishie kwenye kina kirefu, au nibaki maji mafupi? Miwani akadakia, ahamishe leo leo, maji mafupi yatachemka. Nikawaka! Nikasema wanaowatisha wakulima ndio wanaowaua. Mdogo wangu akacheka, akasema kaka yake hajawahi kumdanganya. Akabaki.

Alhamisi, 27 Februari
Joto siku tisa mfululizo. Nimekwenda kwa miguu, maji yamekupwa. Kamba mia mbili, mwani wote mweupe, unateleza mkononi kama sabuni iliyolowa. Hata mbegu ya msimu ujao imekufa. Mdogo wangu alikuwa akikata kamba moja moja. Nikamweleza kwamba modeli ilikuwa sahihi, bahari ndiyo iliyokosea. Hakugomba. Akasema asante, bwana mtaalamu. Bwana! Mimi, niliyembeba mgongoni!

Jumanne, 11 Machi
Shemeji, mume wa mdogo wangu, anasema mkewe sasa anafua mashuka ya hospitali, na bahari hataki hata kuitazama. Simu zangu hapokei. Siwezi kukaa hivi, mikono mapajani, mimi si mtu wa kulia! Nimeunda modeli ya kutabiri atanipigia lini. Simu za mwaka huu hakuna, basi nimejaza za mwaka jana, alipokuwa akinipigia kila Ijumaa. Jibu halina shaka: Ijumaa hii, saa kumi jioni. Nimeomba ruhusa ya kutoka mapema, nisije nikawa njiani simu ikilia.