Dakika Nane Bila Kugusa Kitu

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Mzee Abdiel kaniita ofisini kwake. Jumamosi namaliza miezi sita ya majaribio katika kampuni yake ya kununua kahawa hapa Sakina, Arusha. Nikadhani barua ya kwaheri imewahi.

Haikuwa barua, wala kahawa. Ilikuwa ndege ya vita. Imo ndani ya kompyuta, gemu aliyoletewa kutoka Nairobi. Kila saa kumi jioni hufunga mlango, sisi huambiwa yuko kikaoni. Kumbe anakwenda kupiga daraja la adui jangwani! Tatizo ni dira ya ndege. Humpeleka kusikojulikana. Daraja hajaliona tangu Agosti.

Jumamosi shemeji yake, Kapteni Thomasi, rubani mstaafu wa jeshi, anakuja kumtazama. Mzee kasema shemeji ameshamcheka vya kutosha.

Akanikumbusha kwamba kwenye barua ya maombi niliandika naijua kompyuta. Niliandika kweli. Nilishaigusa moja, usharikani kwetu. Ilikuwa imezimwa. Nikamjibu ni tatizo dogo. Kasema nikiirekebisha dira, nathibitishwa kazini. Nisipoirekebisha... hakumalizia. Afadhali angemalizia.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimesoma kitabu cha maelekezo, kurasa mia mbili, nikikificha ndani ya jalada la Magunia Mabovu. Hakuna anayelifungua hilo.

Nimelipata kosa! Kabla ya kuruka, dira lazima iambiwe ndege iko wapi. Mzee hajawahi kuiambia. Sasa, ndege iko wapi? Mezani kwake, Sakina. Jiografia nilipata A.

Nikaenda ofisi ya ramani mjini. Nikampa shikamoo mzee wa pale mara mbili, akanipa namba za Arusha: latitudo nyuzi tatu na dakika ishirini na mbili kusini, longitudo nyuzi thelathini na sita na dakika arobaini na moja mashariki. Nikaziingiza.

Mzee akaruka. Dira ikasema daraja liko maili elfu mbili na mia moja, kaskazini. Akaifuata kwa utii saa nzima mpaka mafuta yakaisha, tukatumbukia baharini. Akauliza tulikuwa tunakwenda wapi. Nikasema huenda ni upepo.

Jumatano, 7 Oktoba

Pudensiana, mpiga chapa wetu, kaniuliza niliandika namba gani. Nikamwambia. Akaziba mdomo kwa kanga yake ya mabegani.

"Kaka Ndesanjo, ndege imeegeshwa jangwani. Mezani kuna picha yake tu."

Akasema namba za uwanja wenyewe ziko nyuma ya kitabu. Nikamjibu nilikuwa najua, nilikuwa napima mitambo. Huyu dada ananitisha. Anasoma vitabu mpaka mwisho.

Mchana nikaziingiza. Kitabu kinasema baada ya hapo ndege isiguswe dakika nane, mpaka taa ya kijani iache kupepesa. Ikisogea hata kidogo, dira inaharibika. Vizuri. Nikaweka mikono magotini.

Dakika ya tatu, mzee akaingia.

Karani mbele ya kompyuta, mikono magotini! Mwezi jana mlinzi alifukuzwa kwa kukutwa amekaa hivyo hivyo. Nikabonyeza. Sijui nini, vitufe kama ishirini. Injini ikawaka, ndege ikaondoka ikagonga lori la mafuta. Moto.

Mzee akanipigapiga begani. Kasema angalau najituma.

Alhamisi, 8 Oktoba

Pudensiana kasema ofisini mbele ya watu kwamba kazi hii ya dira ni ya kuingiza namba na kwenda kunywa chai. Akisikika, nimekwisha. Nikamweleza mzee, kwa masikitiko, kwamba taipureta yake inatikisa ukuta na dira inapoteza utulivu. Kufikia saa tano Pudensiana na taipureta yake walikuwa ghalani kati ya magunia ya kahawa. Aliniangalia tu.

Nilitembea kwa kujiamini mpaka saa saba. Saa saba nikakumbuka kwamba barua ya kunithibitisha lazima ichapwe. Na nani?

Jumamosi, 10 Oktoba

Kapteni Thomasi alifika saa nne, mtu mrefu, mpole. Namba zikaingizwa. Tukasubiri. Dakika ya tano nilikuwa nimeloa jasho. Dakika ya saba mzee akageuka akauliza, "Na wewe hapo unafanya nini?"

Nikabonyeza. Kitufe kimoja tu, cha kuonyesha uhai. Kilikuwa cha kuachia breki. Ndege ikajongea kidogo sana. Nilidhani hakuna aliyeona.

Mzee akaruka kifua mbele, akaifuata dira, akazunguka, ikamwambia amefika, akaachia mabomu.

"Shemeji," Kapteni akasema taratibu, "hilo ulilopiga ni jiko la kambi yako."

Kisha Kapteni akauliza nani aligusa breki. Nikasema taipureta. Akamtaka mwenye taipureta.

Pudensiana akaja na vumbi la magunia kichwani. Akampa Kapteni shikamoo, akaingiza namba, akatutoa wote nje, barazani, akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni. Tukanywa chai. Mlima Meru ulikuwa umejifunua wote. Tuliporudi, taa ya kijani imetulia. Mzee akaruka, akalivunja daraja, akarudi salama. Alitokwa machozi. Kapteni akampigia saluti.

Pudensiana sasa ni Msimamizi wa Kompyuta. Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio, kituo cha Kikatiti. Barua aliichapa yeye mwenyewe. Haina kosa hata moja.

Jumatatu, 12 Oktoba

Kikatiti. Nimetafakari sana. Kosa lilikuwa kuchagua kitufe cha breki.

Hapa kumeletwa mizani mpya ya umeme ya kupimia kahawa. Bibi Evelyn, msimamizi wa kituo, aliuliza nani anaijua. Mkono wangu ukajinyanyua wenyewe. Nimewaambia mitambo inayohitaji utulivu ndiyo fani yangu, nimetoka nayo makao makuu.

Maelekezo yanasema baada ya kuwashwa iachwe dakika tano bila kuguswa, mpaka isome sifuri. Sasa ni dakika ya pili. Naandika ili nionekane nina kazi. Wakulima wamepanga foleni na magunia yao mpaka barabarani, wananitazama. Bibi Evelyn naye kageuka.

Nitaiwekea kidole. Kimoja tu.