Mjomba wa Machibya

Machibya alipoona kiwanda kipya cha samaki kinapakwa rangi pale ufukweni Nyegezi, hakuomba kazi. Kazi ni ya wasio na akili. Aliingia baa, akaagiza supu, akatangaza kwamba bosi wa kiwanda hicho ni mjomba wake, tumbo moja na mama yake.

Wanaume wakamwamini papo hapo. Huyu akaleta mbuzi, yule beberu, "wa kumsalimia mjomba." Jina la mjomba hakuna aliyeuliza, mwanaume hamhoji mwanaume mwenzake kama polisi.

Ndipo akaja Paskazia, fundi majokofu, begi la vifaa begani.

"Kaka, niombee na mimi. Ufundi nimesomea."

"Dada'ngu, ufundi ni wa wanaume. Nitakuombea kufagia. Ila usije mikono mitupu."

Paskazia hakukasirika. Aliwatazama mbuzi waliofungwa nyuma ya baa.

"Mjomba wako namtengenezeaga friji. Anatafuta msimamizi, mwanaume mwenye watu nyuma yake. Nikimpelekea hawa mbuzi leo, kesho anakuita ofisini."

Machibya, ambaye huyo mjomba hajawahi kumtia machoni, alimeza mate. Bosi wa kweli! Akawafungua mbuzi kwa mikono yake mwenyewe.

Asubuhi alifika getini na suti ya kuazima, wanaume wake nyuma. Akatoka mama mmoja mwenye miwani.

"Shikamoo mama. Mwambie bosi mpwa wake kafika."

"Marahaba. Bosi ni mimi, Modesta. Mpwa wangu yuko chekechea."

Nyuma yake akapita Paskazia, kavaa ovaroli ya kiwanda. Kazi alishaipata zamani, saluni, anakosukwa Modesta. Huko ndiko alikosikia habari za mjomba, akacheka, kisha akaja baa kumwona huyo mpwa kwa macho yake.

"Mbuzi wangu wako wapi?" Machibya akafoka.

"Nimeuza," akajibu Paskazia.

"Mbuzi wako?" akauliza Ngosha, yule aliyeleta beberu, kwa upole wa kutisha. "Si walikuwa wa mjomba?"

Machibya alitimka kuelekea Butimba, suti ikipasuka njiani. Wanaume walimkimbiza mpaka pumzi zikakata, wakaketi kando ya barabara kutafuta mchawi.

"Ngosha, si wewe uliyeniambia jamaa ni wa uhakika?"

"Mimi niliambiwa na Obedi."

"Na mimi," akasema Obedi, "niliambiwa na Machibya mwenyewe. Tena kwa sauti nzito kabisa."