Kuhusu Ukavu wa Shati Langu

Ndugu Mhariri Mkuu,

Salamu kwako na kwa ofisi yako yenye feni mbili. Naandika kupinga kuhamishwa kwangu kutoka dawati la habari za mjini kwenda la matangazo ya vifo. Uamuzi huo aliutoa msaidizi wako, ambaye chumba kizima cha habari kinamwita Kidole, Jumanne saa tisa alasiri, baada ya kunigusa mgongoni.

Utaratibu wake unaujua. Mwandishi akirudi kutoka nje, Kidole humgusa mgongo. Shati likiwa limelowa, habari inapokelewa. Likiwa kavu, basi mwandishi alikaa kivulini akapiga simu. Nilileta habari ya stendi mpya isiyo na paa, shati likiwa kavu. Akasema mbele ya wote: "Babu, stendi hujafika wewe. Nenda kwa marehemu, huko hakuna jua."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilizaliwa na hitilafu nadra ya kurithi inayogusa ngozi, nywele, meno na tezi za jasho. Sitokwi na jasho. Hata nikipelekwa stendi mbio na kurudishwa kwa kamba, mwili wangu hautatoa tone. Kunipima kwa jasho ni sawa na kumpima kuku kwa meno.

2. Jina "Babu" lina kosa la ukweli. Nina miaka thelathini na minane. Nywele zangu ni chache tangu kuzaliwa, na meno yangu saba ndiyo yote niliyopewa. Sijang'olewa hata moja. Gazeti linalosahihisha tarehe lisahihishe na hili.

3. Kwa kuwa hitilafu hii nimeitoa ujombani, mshitakiwa halali ni mjomba. Nimemfuata. Amejibu kwamba naye aliirithi kwa bibi, na bibi ameshafariki. Kidole akitaka shauri, amtafute kwenye dawati hilo hilo alilonipa.

4. Ikiwa kipimo lazima kibaki, naomba niazimwe jasho. Mwandishi wa michezo hulowa akipanda ngazi tu, na la kwake latutosha watu watatu. Amekubali, kwa maandishi, kuniegemea mgongoni dakika mbili kila nirudipo.

5. Na hilo likishindikana, Kidole apimwe pia. Tangu apandishwe cheo hajatoka nje, wala shati lake halijawahi kulowa. Kwa sheria yake mwenyewe, yeye ndiye wa kutangulia kwa marehemu.

Kwa miaka kumi na mitatu nimekula kwa kutembea na kuuliza watu. Kazi nyingine siijui. Naomba nirudishwe kabla ya Ijumaa, na habari ya stendi ichapwe kama ilivyo.

Wasalimie wapiga chapa, dada wa mapokezi, na Kidole mwenyewe, sina kinyongo naye.

Wako kikazi,
Mwandishi wa Habari za Mjini (bado)

Tanbihi: Mke wangu ameisoma barua hii akauliza swali ambalo Kidole hakulifikiria: miaka yote hiyo nilikipitaje kipimo cha shati? Ukweli ni kwamba nikienda juani hujimwagia maji shatini, la sivyo naanguka. Jumanne chupa yangu ya maji ilishinda imejaa, mezani kwangu, katika mgahawa unaotazamana na ofisi. Tafadhali izuie habari ya stendi. Ndiyo kwanza natoka kwenda huko.