Damu ya Sostenes

Jumanne, 3 Juni 2025. Segese.

Mtoto wa kiume, kilo tatu! Nilitaka kufurahi, sikupata nafasi. Esta amevuja damu nyingi mno. Daktari anasema asipoongezewa chupa ya kundi O kufikia keshokutwa, hana hakika naye. Na O imewaishia. Nimemwangalia mke wangu pale kitandani, midomo imempauka, hata Mariana wetu aliogopa kumsogelea mama yake. Mimi pia niliogopa. Naandika hapa kwa kuwa sina wa kumwambia.

Mimi ni kundi O. Nesi Asteria analijua hilo, limeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Nikamwambia nina malaria. Akanipima. Sina! Siku ninayoihitaji, haipo.

Si woga huu. Mwanamume huzaliwa na damu yake, kipimo kamili, na nyota yake imo humo humo. Nikipunguza chupa nzima, nani atasimamia mashine yangu ya karasha? Mawe ya dhahabu hayataki kusagwa na mtu aliyepungua. Na ng'ambo ya barabara yuko Sostenes na karasha lake, anangoja nianguke tu.

Jumatano, 4 Juni.

Ufumbuzi! Makoye, kibarua... hapana, msaidizi wangu wa karashani, ana kifua kama mlango wa ghala. Nimemwahidi jogoo. Alikubali kabla sijamaliza kusema. Kumbe ningeanza na yai. Akapimwa: kundi B. Nesi akamtoa damu hata hivyo, eti yupo mgonjwa mwingine wa kumfaa. Makoye kanywa soda, kala biskuti, sasa anauliza jogoo yuko wapi.

Nimempelekea Esta chupa tatu za juisi ya rozela. Nyekundu kwelikweli. Nesi Asteria akasema rozela ni kinywaji, si damu, na kwamba hiyo chupa ninayoililia mwili wangu utairudisha wenyewe baada ya wiki chache. Nikamuuliza itatoka wapi. Kwenye mifupa, eti! Ng'ombe nimechinja wengi mimi. Ndani ya mfupa mna uboho tu.

Mama mkwe amefika kutoka Tinde. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku akinitazama mkono, anatafuta alama ya sindano.

Alhamisi, 5 Juni.

Esta ameongezewa damu. Atapona! Nimeingia chooni nikalia, nikanawa uso, nikatoka kiume.

Kisha nikauliza ni damu ya nani. Ya Sostenes! Alisikia habari kwa Makoye, akafunga karasha lake, akaja, akatoa, akaondoka bila hata kuingia wodini. Hakudai asante. Hila ya kiwango hiki sijawahi kuiona.

Jumapili, 8 Juni.

Esta yuko nyumbani. Namchunguza. Amekataa mlenda. Sostenes hali mlenda, Segese nzima inajua. Baadaye nikamsema Sostenes vibaya mbele yake, jicho langu kwenye mkono uliowekewa damu. Ukatikisika! Esta akauliza natazama nini. Nikamweleza kwa upole kwamba sasa yeye ni ndugu wa damu wa adui yangu, kwa hiyo humu ndani tutaishi kwa tahadhari.

Esta akamhamishia mtoto titi la pili.

“Baba Mariana,” akasema, “Sostenes alileta mkono wake. Wewe ulileta wa Makoye.”

Kauli hiyo inaniuma mpaka sasa.

Jumatano, 18 Juni.

Esta ameondoka. Amekwenda Tinde na mama yake, na watoto wote wawili. Hakugomba. Alikunja vitenge vyake kimoja kimoja, mimi nimesimama mlangoni naomba radhi kwa kila kosa nililolikumbuka. Akasema analolisubiri halimo katika hayo. Sijui alikuwa na maana gani. Nimekula ugali peke yangu.

Esta niliyemuoa asingeniacha. Ni Sostenes huyo, yumo humo mwilini mwake.

Nikaenda kumuuliza Nesi Asteria kama damu ya mtu inaweza kumtoa mke nyumbani kwake. Alivua miwani. Akanieleza polepole kwamba damu haibebi tabia, wala undugu, wala chuki. Kwamba hata hiyo aliyoongezewa Esta haikai, inakufa kidogo kidogo, na zikipita siku mia moja na ishirini haibaki tena, yote inakuwa yake mwenyewe. Nikamshukuru sana. Alifurahi kuona nimeelewa.

Nimeelewa. Nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani tangu ile Alhamisi. Ijumaa, tarehe tatu Oktoba, Sostenes anamwishia mke wangu mwilini. Jumamosi asubuhi nakwenda Tinde kumchukua. Atakuwa ameshakuwa yeye mwenyewe.