Mama Mkwe Hacheki

Jumatatu, 14 Oktoba

Tumepigwa tena. Mickey Salerno, wa kituo cha televisheni cha ng'ambo ya barabara, katupita kwa watazamaji. Wiki jana hivyo hivyo. Kipindi chake ni saa ile ile ya usiku na utani wake ni ule ule, ila kochi lake zuri zaidi. Namchukia mtu yule! Bosi wangu Garrick Doyle, mwenye kipindi chetu, kaingia ofisini amenuna, hata salamu hakuitikia.

Kwa atakayesoma haya nikishakuwa maarufu: kazi yangu ni kuwachangamsha watu studioni kabla Garrick hajapanda jukwaani. Miaka yote hii nachekesha kamera zikiwa zimezimwa. Leo nimejikaza, nikamwomba dakika mbili mbele ya kamera. Mbili tu! Kaniangalia kama vile nimemwomba figo. Kasema nikiweza kumnyima Salerno kicheko, Ijumaa nitazipata. Alikuwa anatania. Shauri yake. Mimi nimeichukua kama ahadi.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimepata! Nimepata! Mke wangu Karin kanikumbusha kwamba mama yake anaingia New York leo, na basi zima la waumini wa kanisa lao la Kilutheri kule Minnesota. Mama mkwe, Bi Solveig Haugen! Tangu nimwoe binti yake sijawahi kuyaona meno ya mama huyu. Kwao mtu akishinda bahati nasibu husema "si mbaya", kisha anatoka kuzoa theluji. Siku ya harusi yetu nilidhani baba mkwe analia kwa furaha. Yalikuwa mafua.

Niliwaahidi viti kwetu. Sasa nawapeleka kwa Salerno, wote! Wakae mbele wamkodolee macho mpaka jasho limtoke. Nimempigia mama mkwe, nikamwambia kwetu kumejaa, ila ng'ambo ya barabara nafasi zipo. Kaniuliza huyo Salerno ni nani. Mama hamjui hata Garrick. Kumbe kanisa zima hulala saa tatu! Kuhusu kupata viti vya mbele sina wasiwasi. Kuingia ni bure, anayewahi foleni ndiye anayekaa mbele, na watu hawa huwahi hata mazishi ya watu wasiowajua.

Jumatano, 16 Oktoba

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Vipindi hivi vya usiku hurekodiwa jioni, jua bado lipo. Basi saa kumi na moja nilikuwa nimesimama mbele ya jengo la Salerno, miwani nyeusi usoni. Karin alikaa ndani na mama yake, ananitumia ujumbe. Utani wa kwanza: kimya. Wa pili: mtu kakohoa. Wa tatu: mchungaji kaangalia saa. Nilicheza pale pale barabarani! Muuza soseji kaniuliza kama nina mtu wa kunipeleka nyumbani.

Halafu ujumbe ukakatika. Baadaye Karin katoka anafuta machozi ya kucheka. Anasema Salerno alizitupa karatasi zake, akashuka kwenye viti, akamuuliza mama mkwe anakionaje kipindi. Mama mkwe akafikiri. Akafikiri tena. Akasema, "Si mbaya."

Watu wa viti vya nyuma walikufa kwa kicheko. Salerno akapita mstari mzima, mmoja mmoja, na kila mmoja akajibu hivyo hivyo, uso mkavu. Mpiga ngoma wa bendi alianguka kutoka kwenye kiti chake. Mama mkwe ananisaliti bila hata kujua!

Alhamisi, 17 Oktoba

Nchi nzima inasema "si mbaya". Nimemuuliza fundi viatu kama soli yangu itapona, kanijibu "si mbaya", kisha kajicheka mwenyewe. Salerno hajawahi kupata watazamaji wengi namna ile.

Mchana Garrick kaniita. Keshajua yule mama ni wa kwangu. Nikajua kazi basi. Kumbe anawataka! Wote, kesho, kwenye kipindi chetu. Nikajikaza nikamkumbusha dakika zangu mbili. Kauma mdomo, kakubali.

Nikakimbia hotelini kwao. Nimechelewa! Watu wa Salerno walishafika na maua, na gari refu jeusi linangoja nje. Mama mkwe alikuwa anakunja sweta. Nikamsihi, karibu nipige magoti. Akakunja sweta nyingine. Kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Kwenu kuna kahawa, Leland? Yule bwana hakutupa kahawa."

Kahawa ipo, mama! Ipo ya kuogea!

Ijumaa, 18 Oktoba

Siku yangu. Nimevaa koti jipya la bluu. Na nimeongeza akili: kama viti vya mbele tu vilimfikisha Salerno pale, je, tukiwa nao peke yao? Nikawarudisha watazamaji wengine wote mlangoni. Studio nzima ikawa kanisa.

Garrick kapanda jukwaani. Kimya. Katania kuhusu rais, kuhusu mvua, kuhusu mke wake wa zamani. Nilisikia vijiko vikikoroga kahawa. Kawauliza wanakionaje kipindi, wakajibu "si mbaya", na hakuna aliyecheka, maana watu kama wale waliocheka kwa Salerno leo nimewafukuza mimi mwenyewe.

Kisha kaniita. Dakika zangu mbili! Nilianza na ule utani wa daktari wa meno, nikamalizia na ule wa mbwa na posta. Niliwapa kila nilicho nacho. Taa zilikuwa zinavuma juu ya kichwa changu, hizo tu ndizo zilizosikika. Garrick, jasho linamtoka, kampelekea mama mkwe kipaza sauti, kamuuliza anamwonaje mkwe wake. Nikaomba moyoni: aseme "si mbaya". Itanitosha maisha yangu yote.

Mama mkwe akafikiri sana.

"Koti limempendeza," akasema.

Jumamosi, 19 Oktoba

Garrick kasema nisije kazini mpaka aniite. Hajasema lini.

Asubuhi nimewasindikiza kwenye basi. Mama mkwe kanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kaninong'oneza, mchungaji asisikie, kwamba kwa ule utani wa daktari wa meno nusura atabasamu. Ilibidi ajiume mdomo. Wenzake wa mstari wake pia. Nilisimama pale nikipunga mkono mpaka basi likapotea.

Kumbe walikuwa wanajizuia! Sasa nimeliona kosa langu, na ni moja tu: watu hawa ni wacheshi mno. Karin anaye shangazi, Gudrun, anaishi peke yake kaskazini zaidi, karibu na mpaka. Huyo hata "si mbaya" hajawahi kuitamka. Nimeshampigia. Hakusema kitu, nadhani amekubali. Jumatano anakaa mbele kabisa kwa Salerno, na safari hii haponi mtu.

Kahawa nitambebea mwenyewe kwenye chupa.